Picha ya Deo iliyobaki kwenye kopo

Jamani, akili yangu bado inagoma. Deo wetu wa studio tumemzika wiki iliyopita kwao Tura, na asubuhi hii nimejikuta nammiminia chai. Sielewi. Mwenye kuelewa anieleweshe.

Wateja wetu wa Tabora mjini mnamjua: yule mrefu wa passport size, "kidevu juu, mheshimiwa," hata kama mheshimiwa ni mtoto wa chekechea. Ameanguka na pikipiki njia ya Isikizya. Kaniaga vizuri tu, kaniachia na ufunguo. Halafu basi.

Studio ina kamera ya kisasa, yeye anakuja na kopo la maziwa ya unga! Kalipaka rangi nyeusi ndani, kalitoboa tundu kwa sindano, kaweka karatasi ya kuchapia picha, ya enzi za ujana wa bosi. "Da Rehema, mwanga ukipita hapo unachora wenyewe." Nikamwambia, Deo, wewe ni wa kuombewa.

Na likapiga! Lilitaka muda mrefu, lakini ukuta wa jirani ulitoka na nyufa zake zote.

Halafu ile ya nyuki. Kuzuia mwanga usipenye kwenye mfuniko alitumia nta mbichi, inanukia asali kabisa, akalifunga kopo juu ya mti na kuliacha huko. Mnyamwezi mzima, mjukuu wa warina asali, hajui kwamba ametega mzinga! Tulivyorudi nyuki walishahamia. Tulikimbia hadi barabarani, OMG, na deadline ya picha za shule ikatupita.

Sasa kilichonifanya niandike. Mama yake alitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Studio imejaa sura za watu, ya Deo hakuna. Tukapata ya kitambulisho, kakodoa macho. Mama akasema, "Mwanangu, huyu mimi simjui." Tukazika bila picha.

Baada ya msiba nikakumbuka kopo lake jingine lililokuwa kwenye rafu, tundu limezibwa kwa plasta. Alishaniambia, "Kwa hilo nimejipiga mwenyewe nyumbani kwa mama, picha bado sijaisafisha." Ukilifungua penye mwanga, picha inaungua. Na mambo ya dawa za kusafishia picha aliyajua yeye. Nililipakata sijui nifanye nini. Niliogopa kumpoteza tena.

Nikajifungia stoo, nikasafisha gizani kwa dawa alizoacha, nabahatisha huku nalia. Nyumba ya mama ikatoka. Kigoda kikatoka. Juu ya kigoda hakuna mtu, kuna ukungu tu! Deo, kopo linataka mtu atulie. Uliinuka kwenda wapi?

Nikampelekea mama vilevile, kwa aibu.

"Shikamoo mama. Nisamehe, hakutoka."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Akaiangalia muda mrefu, akacheka, machozi yanamtoka. "Mbona ndiye huyu! Siku hiyo nilikuwa natwanga. Namwambia kaa, piga picha yako. Hakai. Kila nikishika mchi anainuka kunipokea."

Mimi niliyefanya naye kazi kila siku nimeona ukungu. Mama kamwona mwanawe. Hata sijui tena picha ni nini, jamani.

Ipo ukutani kwake sasa, kubwa. Jumamosi nakwenda tena Tura.

Usiinuke, Deo. Mchi nitampokea mimi. Lala salama.