Mume wangu alipofia Zaire, mwanangu alikataliwa pande zote mbili za ziwa

Wakuu, heshima zenu. Walio wadogo kwangu, na humu ni wengi, marahaba.

Nina hasira na sitaficha. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe. Anayebisha aje kijijini kwetu Simbo nimwonyeshe mwanangu.

Miaka ile ya Ujamaa niliolewa na Kasongo, fundi wa injini za boti pale Kigoma. Kabila lake Mtabwa, wa Moba, ng'ambo ya ziwa, Zaire. Mahari alitoa kwa desturi yetu Waha, na kwa kuwa baba alishafariki, aliyepokea ni kaka yangu Ezekieli.

Tukapata mtoto, Luka. Mume akataka turudi kwao. Watu wakanicheka, wenzio wanakimbia vita huko, wewe ndiyo unaenda! Nikaenda.

Moba sikuteswa, nisiwasingizie. Wakwe walinipenda, samaki wa migebuka asubuhi na jioni mpaka nikanenepa.

Kisha Kasongo akaugua tumbo, akafa.

Baada ya matanga wifi yangu akaniita, akanena kwa upole kabisa: "Mutoto iko na bajomba yake kwenu. Sisi huku mutoto ni wa upande ya mama."

Nyumba na zana za kazi akapewa mtoto wa dada yake Kasongo. Ndiyo desturi yao, mwanamume anarithiwa na mpwa wake. Nimekaa nao muda wote ule, hakuna aliyeniambia, na mimi na akili zangu sikuuliza!

Basi nikavuka na Luka, ana miaka kama sita hivi.

Nikakuta Simbo watu wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, kila mkuu wa kaya na kiwanja chake. Ezekieli ndiye balozi wa nyumba kumi.

"Wewe karibu, dada," akasema. "Lakini huyu ni wa waliotoa mahari, na sisi tulishaila. Mrudishe kwa baba zake."

Nikamwambia baba zake wamesema aje kwa mjomba, na mjomba ndiye wewe.

"Hiyo desturi yao. Siyo yetu."

Mnaona wakuu? Kule wamefuata desturi, huku wamefuata desturi, kila mtu ana haki, mtoto hana pa kulala! Tulilala jikoni kwa jirani. Nilimchukia kaka yangu siku ile na sijaacha.

Mkutano wa kijiji ulipoitwa nikasimama nikaomba kiwanja. Mwenyekiti akauliza mkuu wa kaya ni nani.

Nikasema mimi.

Wakacheka hao! Nikawauliza, si mnatuimbia kila siku ardhi ni ya wote? Au wote maana yake ninyi wanaume?

Mwenyekiti akaniandika. Nikapewa kiwanja cha mwisho kabisa, bondeni, maji yanatuama. Nikajenga hapohapo, Luka akakulia hapo.

Sasa kilichonitibua mpaka nafungua uzi huu. Ezekieli kazeeka, wanawe wametawanyika mijini hawamjulii hali. Luka ana michikichi yake, anajiweza. Majuzi kaka kaitisha kikao cha ukoo, kamshika Luka bega mbele za watu: "Huyu ni mwanangu. Damu yetu."

Wakapiga makofi. Mimi nikanyanyuka nikatoka.

Luka akanifuata nje. "Mama, msamehe, ni mzee sasa."

Nikamjibu, "Na wewe ulikuwa mtoto."

Vijana mnaooa na kuolewa na raia wa nje, najua mtauliza viza, mtauliza kazi na baridi ya huko. Ulizeni na hili: mmoja wetu akifa, mtoto ni wa nani? Ulizeni ukweni, halafu mrudi mkaulize kwenu, tena kwa sauti, mashahidi wakiwepo. Mimi niliwaogopa wageni, kumbe wa kunifungia mlango ni wa tumbo moja.

Haya, semeni, nilikosea kutoka kikaoni? Ila atakayeniambia nisamehe, aanze kwa kueleza yeye usiku ule angemlaza wapi Luka.