Gitaa la Tumbo Wazi

Juzi alinijia mjukuu wa jirani yetu wa zamani, miwani ya jua kaivaa ndani ya nyumba yangu. Amefungua hoteli pwani, kasikia ninalo gitaa la umeme la marehemu mjomba, lile la tumbo wazi. Alitaka kulitundika ukutani wageni walipige picha. Akalipapasa ubavu, akasema siku hizi dunia nzima inayasaka magitaa ya namna hii. Damu ikanipanda.

Wewe unayenisikiliza hukuwapo kijijini kwetu Ole sisi tukiwa watoto, basi kaa nikwambie. Msimu wa karafuu, baada ya magharibi, nyumba nzima tulikaa barazani tukichambua: vijiti vya makonyo huku, karafuu kule, vidole vyeusi vinawasha. Umeme ulikuwa haujafika kijijini, na mjomba karudi kutoka Mombasa na gitaa la umeme. Walimcheka, gitaa la umeme kwa mwanga wa kandili! Lakini lile ndani lilikuwa tupu kama ngoma, na usoni lina matundu mawili marefu yaliyopinda. Lilisema bila waya. Sauti yake laini, ya mbao, ndogo hata ikabidi tunyamaze tuisikie, na mikono yetu ikaenda kwa mwendo wake. Bibi alilitia karafuu tumboni wadudu wasilile. Mjomba akipiga, harufu inatoka na wimbo, na punje zinacheza ndani.

Jirani, babu yake huyu wa hoteli, alikuwa akipita mlangoni makusudi. "Debe tupu haliachi kuvuma," husema, asimtazame mtu. Akawakataza watu wasimwalike mjomba harusini, nao wakamsikiliza. Mjomba kafa hajapiga hata harusi moja ya kijiji chake.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, na leo malori yanayobeba karafuu za Ole ni yangu. Sikubebwa na mtu. Hawa vijana wa sasa na magitaa yao ya ubao mzima, umeme ukikatika wanabaki kutazamana kama wafiwa.

"Babu yako aliliita debe tupu," nikamwambia. "Leo unalitakia nini?"

"Hayo ya wazee, ami. Wewe nitajie bei."

"Hoteli yako naweza kuinunua mimi, na wewe ukabaki humo kunifungulia mlango. Hili huna cha kulinunulia."

Akatabasamu, akanitia gitaa mikononi. "Basi lipige, ami, nisikie."

Nikamtoa nje, mlango nikaufunga mwenyewe.

Kulipiga sijui. Aliyejua kalala makaburini, na bibi ubavuni mwake. Karafuu zangu siku hizi wanachambua vibarua, kila mmoja na simu yake sikioni, barazani hapana wa kumnyamazia mwenziwe. Nikaliinamisha lile gitaa, nikalitikisa. Punje moja ikatoka tunduni, nyeusi, kavu. Nikaitafuna. Ukali wake ule ule.