Wimbo wa Mapigo Saba kwenye Arusi ya Furaha

Ningalipaswa kumjibu Zihindula hapana. Najiambia hivyo kila ninapopita mtaa wa Nyawera na kumwona mwanamke amevaa kile kitenge cha zambarau chenye maua meupe, kwa sababu kitenge kile kilichaguliwa kwa ajili ya arusi ya binti yake, wamama wote walioalikwa walikishona, na kwa bahati yangu nzuri ni kitenge imara kisichochuja, kwa hiyo nusu ya mji wa Bukavu inatembea imevaa kumbukumbu ya aibu yangu.

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Zihindula alikuja kwangu Jumapili baada ya misa, kama alivyokuja kila Jumapili tangu tulipokuwa vijana, tukaweka diski, tukanyamaza, na katikati ya diski (jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ningalipaswa kujua tu kuna hatari) akaniambia kwamba kwenye arusi ya Furaha kutakuwa na mapadri, na vijana wa muziki siku hizi wanaweza kuweka wimbo wa viuno mbele ya padri bila kupepesa jicho, kwa hiyo nikae karibu na kijana wa mashine ya muziki. "Umuchunge tu," alisema. Yeye alisema kuchunga. Mimi nilisikia nimeteuliwa mkurugenzi wa muziki.

Lazima mujue ni mtu wa aina gani aliyepewa kazi hiyo. Tulipokuwa shule ya sekondari, padri aliyetufundisha fizikia alirudi kwao Ulaya akatuachia, mimi na Zihindula, sanduku la diski, na kwa sanduku hilo nikaharibika kabisa. Nusu ilikuwa jazz, wapiga saksofoni wanaoujua wimbo vizuri lakini wanauzunguka kama mbwa anavyozunguka mahali pa kulala kabla hajalala, na nusu ilikuwa rock ya wale vijana wa Uingereza wenye nywele za kike, waliopanga vinanda kama ngazi na kutunga wimbo mmoja unaojaza upande mzima wa diski, bila mahali popote ambapo binadamu wa kawaida anaweza kuitikia. Nina maoni juu ya kila mmoja wao. Ninaweza kueleza ni diski gani ndiyo usaliti wa kwanza (ile walipoanza kufupisha nyimbo ili redio ziwapende), ni mpiga ngoma gani hakupaswa kuondoka, na ni mwimbaji gani angelilisaidia kundi lake kwa kunyamaza. Na rumba? Nilisema mahali pengi, hata mahali ambapo sikuulizwa, kwamba rumba ni nzuri kwa watu wenye haraka ya kufurahi, na kwamba wimbo ambao nusu yake ni kutaja majina ya matajiri ungeweza kubandikwa ukutani badala ya kuimbwa. Mtu wa hivyo ndiye aliyeambiwa achunge arusi.

Sasa, kwetu maarusi hawaingii ukumbini kama watu wanaoingia posta. Wanaingia wakicheza polepole, wasichana na vijana wa heshima wakiwa mistari miwili mbele yao, hatua mbili mbele, moja nyuma, na kutoka mlangoni hadi kwenye viti vya mbele wamama wanapata muda wa kupiga vigelegele, kulia kidogo, kupepea vitambaa na kumkagua bibi arusi vizuri. Ni mara moja tu katika maisha. Na baba wa binti anasimama mbele akingojea, na ukoo wa bwana arusi (hawa walitoka upande wa Walungu, wengi, wamependeza, na macho yao hayakupitwa na kitu) unapima pale pale kama umeoa kwa watu wenye mpango ao kwa watu wa ovyo.

Furaha na wenzake walikuwa wamejifunza hatua zao katika lupango, ua wa nyumba ya Zihindula, kwa majuma mengi, na wimbo fulani wa mapenzi wa kikristo, ngoma yake ya mashine, pa-pa-pa, kama mtu anayetwanga majani ya sombe bila hamu. Nilihudhuria zoezi moja nikaumia moyo. Furaha ni binti yangu wa ubatizo, mimi ndiye parrain wake, na nikajiambia (hapa ndipo ujinga unapoanza kuvaa tai) kwamba mtoto huyu anastahili kuingia na muziki wa kweli. Nilikuwa nao mmoja, unaoanza na gitaa laini kama mvua ya asubuhi, kisha ngoma zinaingia kwa mapigo saba. Si manne kama rumba. Saba. Usiku ule nililala nikimwona Furaha akielea juu ya mapigo hayo. Kitu kimoja hakikunijia kichwani: muziki ule nimeusikiliza maisha yangu yote nikiwa nimekaa.

Siku yenyewe, kabla hawajaingia, Furaha alituma msichana mmoja kuniuliza kama wimbo wao uko tayari. Nikajibu amwambie parrain wake amepanga kila kitu, jibu ambalo hata waziri angelionea wivu. Nikachomeka simu yangu kwenye mashine. Kijana wa muziki akasikiliza kidogo na kifaa cha masikio, uso ukamkunjamana.

"Papa, hii nyimbo mutu anakanyaka wapi?"

Nilimjibu kwamba muziki wa kweli hauna mahali pa kukanyaga, nikamtuma akatafute soda.

Mlango ukafunguliwa. Gitaa likaanza, na niseme ukweli, kwa muda ule mfupi ilikuwa nzuri mno. Watu walinyamaza, Furaha alionekana kama mshumaa, na mimi nikajinyoosha kama mtu anayengojea kupigiwa makofi. Kisha ngoma zikaingia. Hatua mbili mbele, moja nyuma, mpaka pale pigo la saba lilipowanyang'anya mguu, na mguu uliokuwa wa kulia ukawa wa kushoto. Mstari mmoja ukaenda mbele, wa pili ukarudi nyuma. Msichana mmoja alimpiga mwenzake na maua usoni. Kijana mmoja wa heshima, mnene, mtoto mzuri tu, aliamua kusimama kabisa, na wote waliokuwa nyuma yake wakarundikana mgongoni mwake. Bwana arusi alikuwa anatabasamu huku midomo yake ikihesabu. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vilikatika katikati, kama maji ya bomba.

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nilishika mikro, kipaza sauti chao.

"Ni rahisi," niliwaambia watu wote wale, mapadri na Walungu nzima. "Muhesabu na mimi. Moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu."

Na wazee kadhaa kwa heshima walianza kuhesabu, kwa sauti, kama darasa la kwanza, kila mmoja na hesabu yake. Maarusi waliendelea mbele hivyo hivyo, wakiyumba, mpaka wakamkaribia Zihindula. Hapo wimbo ukafika mahali unaponyamaza. (Ni kimya maarufu, sisi wapenzi tunakiheshimu, mtu anayekikata kwa sababu hakielewi ni mshenzi, haya nimeyasema mara nyingi.) Ukumbi ulifikiri wimbo umeisha, ukapiga makofi ya shukrani ambayo sijasikia tena mfano wake. Zihindula akafungua mikono. Furaha, masikini, alikimbia hatua za mwisho amwangukie baba yake, padri akasimama akafanya ishara ya msalaba aombe, na papo hapo kimya kikaisha: ngoma, kinanda, gitaa, vyote pamoja, kwa nguvu ambayo mashine ile haikuwahi kuombwa.

Furaha alishtuka, kisigino kikanasa kwenye mkia wa gauni, gauni likapasuka hadi kiunoni, na bibi arusi akakaa chini mbele ya ukumbi mzima. Kwenye meza za Walungu kicheko kilianza kidogo kidogo, kisha hakikujificha tena. Shangazi wa bwana arusi akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, "Kumbe kwabo bibi arusi banamuingizaka na makelele ya mashini ya muhogo." Na mimi, nikiwa bado na mikro mkononi, nikawaomba radhi nikaongeza kwamba wavumilie, wimbo umekaribia sehemu yake nzuri.

Zihindula alikuja hadi kwenye mashine. Hakupaza sauti.

"Zima."

Nilimwambia, na haya ndiyo maneno ninayoyasikia usiku, kwamba yeye mwenyewe anaijua diski, kwamba umebaki mwisho tu.

"Mutoto wangu iko chini," alisema, "na weye uko unaniambia juu ya mwisho ya disque."

Kijana wa muziki, aliyekuwa amerudi na soda yangu, ndiye aliyezima. Wamama walimfunga Furaha kitenge kiunoni kuficha gauni. Walimwomba atoke aingie upya na wimbo wake. Wasichana wake walikuwa tayari. Akakataa, akasema ataenda kukaa tu, akatembea hadi kwenye kiti bila muziki wowote, kama mtu aliyeitwa kwenye dirisha la benki. Baba yake alikaa na wakwe jioni nzima akicheka walipocheka. Video waliyopiga watu kwa simu ilifika Kavumu, nje kabisa ya mji, kabla ya keki kukatwa.

Nilienda kuomba msamaha. Furaha alinisamehe, alisema, "Parrain, ilisha pita," na nadhani alikuwa anasema kweli, ana moyo kuliko mimi. Zihindula naye alinipokea vizuri sana. Alinipa chai, aliuliza habari za goti langu, akaniita Monsieur. Mtu tuliyegawana naye dawati, aliyeniita "weye" tangu tukiwa na suruali fupi, aliniita Monsieur na kunisindikiza hadi barabarani.

Tangu hapo kwenye arusi nakaa mbali na mashine, karibu na chakula, na wimbo wowote ukipigwa napiga makofi. Hata ule wa Furaha nimeusikia kwingine mara kadhaa. Si mbaya. Unakanyagika.

Jumapili baada ya misa Zihindula ananipa mkono mlangoni mwa kanisa, anapanda moto, pikipiki ya abiria, anaenda kwake. Mimi naweka diski na kuisikiliza peke yangu. Nilitaka kuwaonyesha watu muziki mzuri, na nikalipa kwa rafiki mmoja, ambaye ndiye pekee niliyekuwa naye.