Jicho la Mgema wa Ulanzi

Mgema alikataa kukaa. Kila nilipomwonyesha kiti katika kliniki yetu ya macho hapa Njombe, alirudi dirishani kutazama mvua, kiganja kikifunika jicho la kulia. Jani la mwanzi lilikuwa limemkwaruza shambani kwake, nje ya Makambako, alipokuwa akikata ncha ya mwanzi ili ulanzi, utomvu wake mtamu unaogeuka pombe, uchuruzike. Kisha akaliosha jicho kwa ulanzi uleule, kama baba yake alivyomfundisha.

"Ulanzi wa asubuhi ni msafi kuliko maji ya bomba, dada."

"Msafi kwa kunywa, kaka. Majani huacha ukungu ndani ya mkwaruzo, kama ule wa mkate uliolala. Wewe ukaumiminia sukari."

Nilimpa kioo, akaliona doa jeupe kwenye mboni. Nikamweleza kwamba dawa hutiwa kila saa, kwa hiyo alale wodini.

"Nilale? Mianzi isipokatwa jioni inakauka! Msimu wangu wote umekwisha."

Akatazama mlango. Niliogopa ataondoka. Nikamwomba alifunike lile jicho bovu, kana kwamba limeshapofuka, achukue kalamu mkononi mwangu. Kwa jicho moja hakuweza kupima umbali; vidole vyake vikapita pembeni.

"Hapo ningekuwa na kisu," alisema taratibu.

Akapiga simu. "Shemeji, jioni nigemee. Unywe, ndiyo, lakini usinimalizie!"

Nikatia tone la kwanza. Nilimwambia amefanya vizuri kubaki, ingawa mwenyewe sikuwa na hakika kama tumewahi.