Karne Tano za Bwana Gąsiorowski

Ambroży Gąsiorowski, mkata tiketi mstaafu wa stesheni ndogo karibu na Sandomierz, Polandi, hakuwa na shamba wala kasri, lakini jina lake liliishia kwa "-ski". Mkia huo, kwa maelezo yake, ulibeba karne tano za ubwanyenye. Jirani yake, fundi bomba Kapusta, ambaye jina lake maana yake ni kabichi, alipewa ncha ya kidole tu akisalimiwa.

"Wenzetu mnatokana na mboga," Ambroży alimwambia. "Sisi tulikuwa mabwana wa kijiji kizima, Gąsiorowo."

"Kiko wapi hicho kijiji?"

"Waswidi walikichoma, zamani za vita."

Tayari alikuwa na pete yenye nembo. Kilichobaki ni cheti cha ukoo cha kutundika sebuleni, basi akaenda kwa Padri Hieronim, aliyemfungulia daftari kuukuu la ubatizo.

"Babu wa babu yako ni huyu," alisema padri. "Błażej Gąsior, mchunga bata bukini wa kabaila mwenye shamba."

"Gąsior? Bata dume? Mwandishi kalikata jina!"

"Wala. Anarudi kubatiza mtoto wa pili, ndipo anakuwa Gąsiorowski. Paroko wa siku hizo kaandika pembeni: 'Ameomba jina lirefushwe. Kaleta bata wawili wanono.'"

Ambroży aliweka vidole kwenye karatasi. "Padri, ukurasa huu si umechakaa? Tuuchane tu."

Padri alilifunga daftari, nusura ambane vidole. Mama mmoja aliyekuwa akifuta vumbi pale alisikia kila kitu, na Jumapili Kapusta alikuwa akingoja mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi, kainama hadi magotini.

"Shikamoo, mheshimiwa Bata!"

Bogumiła, mke wa Ambroży, alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. "Miaka thelathini na mbili umenikataza kufuga bata uani, kumbe ni mashemeji zangu!"

Wiki nzima Ambroży hakutoka nje. Pete aliivua kwa sabuni. Siku ya nane akanyoa ndevu, akavaa tai.

"Unakwenda wapi?" Bogumiła aliuliza.

"Parokia ya kwao mama. Mama yangu alikuwa Wróblewska. Damu yenyewe iko upande ule."

Bogumiła alijua, kama ajuavyo kila Mpolandi, kwamba "-ska" ni "-ski" ya kike, na "wróbel" ni shomoro. Akamfungia mkate na soseji, akamnyooshea tai, akamfungulia mlango.