Kikombe changu kwa mama, Mgeta

Leo mama kanishinda, na laptop yangu hata hajaigusa.

Nimekuja kwake Mgeta na kazi. Akauliza, "Unaandika nini humo?"

Nikamwambia narekebisha kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu inayogawa memori. Jambo linalotokea mara chache naliwekea alama, ili kompaila, programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, ilipange mbali, lisicheleweshe ya kila siku.

"Haya, baba."

Nikaenda kabatini kuchukua vikombe vya chai. Changu cha bati kiko mbele kabisa. Chake, cha kila asubuhi, kiko nyuma. Na bega linamuuma, jamani!

"Mama, mimi nakuja mara moja kwa mwaka. Changu si ukiweke nyuma?"

"Nikikiweka nyuma, si ndiyo nimekubali kwamba huji?"

Nimemimina chai, nayo imenipoa mkononi.

Kwenu, kikombe chako kiko wapi?