Uvimbe Alioudhani Ni wa Mateke

Kaka yangu alikuwa akinunua ndagala, wale dagaa wadogo, kwa wavuvi wa ziwani Kajaga na kuzileta kwa baiskeli mpaka mtaa wa Nyakabiga mjini, ambako mimi nilikuwa na kiduka cha unga na sabuni. Asubuhi moja, vita vikiwa vimekolea, vijana wenye bunduki walimsimamisha kwenye bariyeri, kizuizi walichoweka barabarani. Hawakumuuliza mengi. Walimpiga mateke katikati ya miguu mpaka wakachoka, wakabeba samaki wake, wakaenda.

Uvimbe ulikuja, ukapungua, lakini korodani moja ikabaki kubwa na nzito. Mama alimkanda kwa maji ya chumvi. Majirani walisema ni mshipa, maji tu yamejaa. Yeye hakuwa na shaka: ni wale vijana. Kila tulipoketi kula aliwataja, sura zao, viatu vyao, yule aliyekuwa akicheka. Nadhani chuki ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha na kumrudisha barabarani.

Miezi ikapita, akaanza kuumwa mgongo. Nilimsihi sana ndipo akakubali twende hospitali. Kwenye benchi tulikaa kati ya watu wenye risasi mwilini, naye akaona haya kusema kilichomleta.

Daktari wa ekografi, kile kipimo cha kuona ndani ya mwili, alikuwa mwanamke wa makamo. Kaka akasimama mlangoni.

"Mi siwezi kuvua mbele yako, mama."

"We lala tu, papa," daktari akamwambia. "Kwa yale ninayoona siku hizi, hii yako aiwezi kunishangaza."

Akamfunika kwa kitenge, akapaka jeli, akapitisha kile kifaa kidogo polepole. Nilisimama upande wa kichwa, macho kwenye skrini. Korodani isiyo na uvimbe ilionekana ya kijivu, laini, kama uji uliochujwa. Ile nyingine ilikuwa na mabonge ya giza. Daktari akapandisha kifaa mpaka tumboni.

"Ni damu ya mateke, sivyo?" kaka akauliza.

"Apana. Damu ya pigo ingekuwa imeshapungua. Ingekuwa maji, tungeona weusi mtupu. Hii ni nyama imeota ndani, ni kansa. Na imeshafika huku juu, karibu na figo."

"Lakini walinipiga!"

"Walikupiga, papa, sikatai. Lakini teke alioteshi kansa. Pengine ilikuwepo tayari, mateke yakakufanya ujiangalie."

Nilidhani atalia. Alikasirika.

"Angalia tena."

Daktari akaangalia tena, bila kunung'unika, akasema yaleyale.

Nje, akijifunga mkanda, kaka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mudogo wangu, mi nilitaka iwe wao."

Walimkata ile korodani. Dawa zilizotakiwa baada ya hapo hazikuwepo mjini, na kwenye barabara za kutoka watu walikuwa wakiviziwa. Akahamia kwangu, nyuma ya duka. Alikonda, akakohoa, akawa hataki kuzungumza na mtu isipokuwa mama. Wale vijana hakuwataja tena hata mara moja, na ukimya huo uliniogopesha kuliko kikohozi.

Alifariki wakati wa mvua. Waliokuja kutupa pole waliuliza ameuawa na nini, mama akajibu, "Vita." Sikumsahihisha. Tulimzika haraka, kwa kuwa milio ya bunduki ilikuwa imeanza kusikika milimani, na padiri alifupisha sala.